Seva za ofisi: tununue mpya, tukodi nafasi data senta ya hapa Dar au tuhamie klaudi? Naombeni ushauri kabla ya kikao cha bodi

Kijana_wa_Gerezani aliandika:

Wakuu habari za jioni, naombeni mawazo yenu hasa nyie mliowahi kuhamisha mitambo ya kampuni kwa mikono yenu.

Niko IT kwenye kampuni inayosambaza vifaa vya ujenzi, ofisi kuu Gerezani, matawi Mbagala, Tegeta na moja Morogoro. Idara nzima ni mimi na dogo mmoja. Tuna raki moja (kabati la kupangia seva) kwenye chumba kidogo ghorofa ya pili, ndani yake seva tatu, storeji moja ya zamani, swichi na fayawoli. Seva moja bado inatembea na Windows Server 2012 R2 ambayo Microsoft walishaacha kuisapoti tangu Oktoba 2023, hizo mbili nyingine zina VMware, programu ya kuendesha mashine pepe kadhaa ndani ya seva moja, na humo ndo imekaa ERP (mfumo wetu wa mauzo, stoo na hesabu), mafaili ya ofisi na mfumo wa VFD wa kutoa risiti za TRA. AC ni mbili, zile za ukutani za kawaida. Betri za UPS zimeanza kuvimba. Jenereta ni ya jengo zima, mwenye jengo ndo anaamua dizeli iwekwe lini.

Juzi kati Jumapili umeme ukakata, ukarudi, AC hazikujiwasha, seva zikapata joto zikajizima. Jumatatu asubuhi hakuna tawi linalotoa risiti, malori yameshapakia saruji na nondo yanasubiri getini, wateja wanapiga simu, yaani mpaka mchana ndo tukasimama. MD kasema hataki kuliona tena jambo hilo.

Sasa nina profoma tatu mezani. Ya kwanza ni seva mpya mbili na storeji mpya tuendelee kukaa hapahapa ofisini, ya pili ni data senta, yaani kituo cha kutunzia seva, ya hapa Dar wanasema watasimamia kila kitu, ya tatu ni klaudi ya nje, yaani kukodi seva za kampuni kubwa kupitia intaneti. MD anauliza swali moja tu, ipi bei rahisi. Kikao cha bodi ni mwisho wa mwezi. Mngekuwa nyie mngepeleka ipi?

fundi_raki alijibu:

Pole sana mkuu, hiyo Jumatatu naielewa kabisa.

Kabla hujagusa bei, waeleze kwanza ni nini kiliwaangusha. Seva zilijizima kwa sababu zimeundwa zijizime joto likizidi, zilijilinda na pengine ndo maana data yenu ipo mpaka leo. Kilichoanguka ni umeme na ubaridi. Profoma ya kwanza haigusi umeme wala ubaridi, kwa hiyo hata mkinunua seva za bei gani mkaziweka kwenye chumba kilekile, Jumapili nyingine umeme ukikata mtarudi kulekule. Hilo peke yake bodi wakilielewa umeshapiga nusu ya kazi.

Sasa hesabu. Soma kwenye kioo cha UPS raki yako inakula wati ngapi, mi kwa ulivyoielezea nakadiria kilowati 2.5 hivi lakini usitumie namba yangu, tumia ya kwako. Wati moja ya seva inageuka kuwa joto la BTU 3.4 kwa saa, kwa hiyo kilowati 2.5 ni kama BTU 8,500. Kwa karatasi AC ya BTU 12,000 inatosha na wewe unazo mbili, ila hizi za ukutani zimetengenezwa kupoza watu mchana, hazikuundwa kukimbia usiku na mchana mwaka mzima, halafu nyingi umeme ukirudi zinasubiri mtu abonyeze rimoti. Muulize fundi wako kama hizo zina uwezo wa kujiwasha zenyewe, baadhi wanaweza kuiwezesha hiyo. Mwongozo wa ASHRAE, chama cha wahandisi wa ubaridi cha Marekani, unataka hewa inayoingia mbele ya seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27, kwa hiyo pima mbele ya raki, kupima katikati ya chumba hakukwambii kitu. Na weka leo leo kipima joto kinachotuma SMS, hicho ni cha bei ndogo na kitakusaidia hata mkiamua kuhama kesho.

Kuhusu betri, zilizovimba zitoe haraka mkuu, usisubiri bodi. Hizo ni hatari ya moto. Betri za risasi zinapoteza karibu nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 juu ya 25, ndo maana mtu anauziwa betri ya miaka mitano akaiweka kwenye chumba cha nyuzi 35 ikafa mapema akadhani kauziwa feki. Na pale kwenu karibu na bandari kuna hewa ya chumvi inakula vyuma na poti za swichi taratibu, chumba kikiwa na dirisha lisilofunga vizuri utaiona kutu kwenye skrubu za raki.

Umeme nao kuna kitu mhasibu hakioni kwa sababu kimemezwa ndani ya LUKU ya ofisi nzima. Kilowati 2.5 mara masaa 24 mara siku 30 ni uniti 1,800. Tarifu ya T1, ya matumizi ya kawaida, ni shilingi 292 kwa uniti kabla ya VAT na tozo za REA na EWURA, kwa hiyo ni 525,600 kila mwezi kwa seva tu, AC hujaziweka, dizeli hujaiweka, betri hujaziweka, fundi wa kuosha AC hujamuweka. Ukichukua profoma ya data senta ukailinganisha na bei ya seva tupu, data senta itaonekana wizi. Mpigie MD hesabu ya miaka mitano, vitu vyote ndani, hapo ndo mtaanza kuongea lugha moja.

Neema_K alijibu:

Mimi nasema nendeni klaudi tu kaka. Nyie mko wawili, mmoja akiugua na mwingine yuko likizo nani atashughulika na hivyo vyuma? Siku hizi sio kama zamani kwamba seva zote ziko Ulaya, AWS ya Amazon wana vituo Cape Town tangu 2020, Microsoft wako Johannesburg tangu 2019, Google nao wamefungua Johannesburg Januari 2024. Unaanzisha seva kwa dakika chache, ukihitaji kubwa unaongeza, hakuna betri hakuna AC hakuna kumbembeleza mwenye jengo aweke dizeli. Mimi ofisini kwetu tulihamisha barua pepe na mafaili yote na hakuna mtu anayetamani kurudi tulikotoka.

Mkongo_Baharini alijibu:

Dada Neema kwa barua pepe na mafaili nakubaliana na wewe mia kwa mia, hata huyu jamaa mafaili ya ofisi ayapeleke huko mapema. Ila ERP na risiti hapana, nitaeleza kwa nini.

Mnakumbuka Mei 2024? Tarehe 12, Jumapili, kebo za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika kwa pamoja kule baharini upande wa Afrika Kusini, na Seacom ilikuwa imeshajeruhiwa tangu Februari kwenye Bahari ya Shamu kwa hiyo njia ya kaskazini nayo ilikuwa imebana. Tanzania tulikuwa miongoni mwa walioumia zaidi. Watu humu walikaa wanazungusha simu hewani kutafuta mtandao. Sasa fikiria ERP yako iko Cape Town, na waya zilizokatika ndo zile za kuelekea huko huko. Mteja amesimama kaunta Mbagala na hela mkononi, wewe huwezi kumkatia risiti kwa sababu ya waya uliokatika chini ya bahari mbali na hapa.

Seva ikiwa Dar mambo ni tofauti. Mbagala na Tegeta wanaifikia kwa faiba ya hapahapa mjini, na ISP (kampuni za intaneti) wengi wa nchini wanabadilishana trafiki pale TIX, kituo cha kuunganisha mitandao yao, bila kutoka nje ya nchi, kwa hiyo hata kama tawi linatumia kampuni nyingine ya intaneti bado mzigo unazunguka ndani. Morogoro wanakuja kwa faiba ya nchi kavu. Risiti kufika TRA nako ni ndani ya nchi. Bahari ikichafuka WhatsApp itasumbua lakini saruji itauzika.

Kingine ni hela. Klaudi ya nje unalipa kwa dola, shilingi ikiyumba bajeti yako inayumba nayo, na kuna malipo ya data inayotoka kwao kuja kwako ambayo kwenye profoma huwa yanaandikwa kwa maandishi madogo au hayaandikwi kabisa. Na VAT asilimia 18 ya huduma iliyoagizwa nje muulizeni mshauri wenu wa kodi mapema. Data senta ya hapa ni shilingi, kanuni za Machi 2025 zimekataza kutaja bei kwa fedha za kigeni kwa miamala ya ndani, kwa hiyo kama hiyo profoma ya pili imekuja na dola mwambieni aiandike upya.

Neema_K alijibu:

Hoja ya kebo naikubali, ile wiki ilituumiza hata sisi. Ila basi angalau nakala ya bakapu iende nje ya nchi, kuchelewa kwa bakapu siku mbili tatu hakusimamishi biashara.

Mkongo_Baharini alijibu:

Hapo tuko pamoja dada, ila hiyo bakapu ifungwe kwa msimbo wa siri ambao ufunguo wake anao Kijana na kampuni yake peke yao, kabla haijatoka.

Kijana_wa_Gerezani aliandika:

Dah asanteni sana, nimejifunza vingi kwa muda mfupi. Nimeenda kusoma UPS, iko kilowati 2.2 kwa hiyo fundi_raki ulikuwa karibu sana.

Sasa naona mwelekeo ni profoma ya pili. Nawawekea walivyoandika wenyewe: "usimamizi kamili saa 24 siku 7, upatikanaji wa asilimia 99.9, bakapu imejumuishwa, kituo cha kiwango cha Tier III". Kwa macho yangu inaonekana imemaliza kila kitu. Niipeleke hivyo hivyo au kuna cha kuuliza? Ukienda NIDC, data senta ya taifa pale Kijitonyama ya TTCL, au hivi vituo binafsi, masharti si yanafanana tu?

Bi_Mikataba alijibu:

Mdogo wangu usiipeleke hivyo. Mimi nakaa upande wa manunuzi na mikataba ya TEHAMA, hiyo sentensi moja uliyoiweka ina maswali ndani yake ambayo mkishasaini hamtaweza kuyauliza tena kwa nguvu. Na masharti hayafanani hata kidogo, yawe ya kituo cha umma au binafsi, soma kila moja kivyake.

Anza na 99.9. Inasikika kubwa. Kwa mwaka hiyo 0.1 inayobaki ni masaa 8 na dakika 45 ambazo wanaruhusiwa kuwa chini bila kuvunja mkataba. Sasa wakipima kwa mwaka, masaa yote hayo yakaangukia Jumatatu moja kuanzia saa mbili asubuhi, malori yako yatasimama mpaka jioni na wao wako ndani ya makubaliano kabisa. Wakipima kwa mwezi ni dakika 43 tu, tofauti ni kubwa mno. Kwa hiyo neno "kwa mwezi" liandikwe. Halafu uliza wanapima nini hasa, umeme kufika kwenye raki, au mtandao kufika kwenye swichi yenu, au ERP kufunguka? Wengi wanapima umeme na mtandao peke yake, ERP ikigoma wao ripoti yao inaonyesha mia kwa mia. Na wakivunja, kawaida wanakupa punguzo kwenye ankara ya mwezi unaofuata, hawalipi mauzo uliyopoteza. Bodi walijue hilo mapema, kwa sababu MD wako akidhani amenunua bima ya biashara atakuja kukulaumu wewe.

Tier III. Hicho kiwango kinatolewa na Uptime Institute na maana yake kwa kifupi ni kwamba kila kifaa cha umeme na ubaridi kinaweza kuzimwa kifanyiwe matengenezo huku seva za wateja zinaendelea kufanya kazi. Ni kitu kizuri sana. Lakini Uptime wana cheti cha mchoro na wana cheti cha jengo lililokwisha kujengwa na kukaguliwa, ni vyeti viwili tofauti, na kuna wengine wanaandika tu "kiwango cha Tier III" bila cheti chochote wakimaanisha wameiga muundo. Omba nakala ya cheti, angalia ni cha mchoro au cha jengo, halafu jina la kituo litafute kwenye orodha ya Uptime wenyewe mtandaoni, iko wazi kwa kila mtu. Na uende kwa miguu yako ukatembee mle ndani, uliza jenereta ni ngapi, dizeli ya masaa mangapi iko kwenye tenki, mara ya mwisho waliijaribu lini ikiwa na mzigo. Anayejiamini anakuonyesha daftari.

Hapo kuna kitu kinasahaulika. Kituo kitakuletea umeme wa njia mbili, A na B. Kama seva yako ina pawa saplai moja tu, njia ya pili haikusaidii kitu, siku wanazima A kwa matengenezo wewe unazimika peke yako. Kagua seva zako zote, na swichi, na fayawoli, swichi ndogo nyingi zina pawa saplai moja.

Sasa hili la "usimamizi kamili". Hapa ndo watu wanaumia zaidi kuliko kwenye umeme na ndo maana nalivalia njuga. Kila mtu akilisoma anaweka maana yake. MD anasoma kwamba IT imehamia kwao. Wao wanamaanisha wataangalia taa za seva na kuwasha upya ukiwapigia. Kaeni nao mezani muandike kazi moja moja na jina la mwenye kazi: nani anaweka apdeti za Windows na kila baada ya muda gani, nani anaona disiki ikianza kufa na nani ananunua nyingine, nani anaifuatilia ISP linki ikikata, nani ana paswedi ya juu kabisa ya mfumo, nani anamwambia mtu wa ERP, na mkipiga simu saa nane usiku anapokea mhandisi au mlinzi, na kutoka simu mpaka mtu kugusa raki ni dakika ngapi. Kazi isiyo na jina ni ya kwako, hata kama profoma imesema kamili. Nimeona kampuni moja wamekaa muda mrefu wanaamini apdeti zinawekwa na kituo, kituo kinaamini zinawekwa na mteja, na mkataba uliwapa wote wawili haki ya kuamini hivyo.

Bakapu imejumuishwa, sawa, inakaa wapi? Kama iko jengo hilohilo hiyo ni nakala tu, siku jengo likipata shida zinaondoka zote. Machi 2021 kituo cha OVH kule Strasbourg Ufaransa kiliungua, jengo moja likateketea lote, na kuna wateja waliopoteza kila kitu kwa sababu bakapu yao ilikuwa kwenye eneo hilohilo. Septemba 2025 ikawa Korea Kusini, kituo cha serikali Daejeon, moto ulianzia kwenye betri za UPS, na mfumo wao wa kuhifadhia mafaili ya watumishi wa umma ukapotea terabaiti 858 kwa sababu haukuwa na nakala mahali pengine. Hiyo ni serikali ya nchi tajiri yenye wataalamu wa kutosha. Wewe una tawi Morogoro, kilomita kama 190 kutoka Dar, weka kule kifaa kidogo cha bakapu kwenye ofisi inayofungwa, tayari una nakala nje ya mji. Ya tatu ndo hiyo aliyosema Neema ya nje ya nchi. Na moja kati ya hizo isiwe inafunguka kwa akaunti ile ile ya admini wa ofisi, kwa sababu hawa wezi wanaofunga mafaili wakidai hela kitu cha kwanza wakishaingia wanatafuta bakapu waifute.

Halafu rudisheni. Bakapu ambayo haijawahi kurudishwa hujui kama ni bakapu. Ndani ya mkataba weka kwamba kila robo mwaka wanarudisha ERP yote kwenye seva ya pembeni na mhasibu wenu anafungua na kuthibitisha ankara za jana zipo. Mhasibu, sio mtu wa IT, kwa sababu yeye ndo anajua kama kilichorudi ni kizima. Kabla ya hapo muulize MD maswali mawili kwa Kiswahili cha kawaida, kazi ya masaa mangapi ikipotea tunaweza kukaa chini tukaiandika upya kutoka kwenye makaratasi, na tukizimika tunaweza kuvumilia masaa mangapi kabla wateja hawajahamia kwa jirani. Majibu ya hayo mawili ndo yanaamua bei, na huyo muuzaji ilitakiwa awe ameyauliza yeye.

Sheria pia. Mna taarifa za wafanyakazi na wateja mle ndani, kwa hiyo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Mnatakiwa muwe mmesajiliwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kama wakusanyaji, na huyo wa data senta akigusa mifumo yenu anaingia kama mchakataji, muwe na makubaliano ya maandishi ya namna anavyozitunza. Na hizo nakala za kwenda nje ya nchi zina masharti yake kwenye sheria hiyo hiyo, mwanasheria wenu aziangalie kabla hamjaanza kuzituma.

La mwisho ni kutoka. Mnaingia kwa furaha lakini someni ukurasa wa kuondoka kwanza. Mkitaka kuhama watawapa mashine zenu pepe kwa mfumo gani, kwa siku ngapi, kwa malipo gani, na wanafuta vipi kilichobaki kwao. Kama ukurasa huo haupo kwenye mkataba, uandikwe.

fundi_raki alijibu:

Bi Mikataba umenimalizia kila kitu, hapo kwenye pawa saplai mbili naongezea mkazo.

Mkuu kwenye VMware kuna jambo litakalobadilisha bajeti yako. Kampuni ya Broadcom walimaliza kuinunua Novemba 2023, na Desemba ile ile wakaacha kuuza leseni za kununua mara moja, sasa ni kulipia kila kipindi na wanahesabu kori za prosesa, angalau kori 16 kwa kila prosesa hata kama yako ina nane. Kwa kampuni ya seva mbili hiyo ni hela nyingi kwa kitu ambacho hamkitumii hata robo. Uliza kwenye profoma ya pili leseni ya VMware inalipwa na nani, kama ni nyie basi bei waliyoandika sio bei.

Wengi wa ukubwa wenu wanahamia Proxmox, programu inayofanya kazi kama ya VMware, inakaa juu ya Debian (aina ya Linux), kuitumia ni bure na unalipia sapoti ukitaka, na ina kifaa cha kuvuta mashine pepe moja kwa moja kutoka ESXi, ile programu ya VMware iliyo kwenye seva. Hyper-V ya Microsoft nayo ipo kama mna leseni za Windows Server tayari. Ila usihamishe jengo na kubadilisha VMware wikiendi moja, kitu kikigoma hutajua kimegoma kwa sababu ipi. Badilisha kwanza hapo Gerezani mkiwa mnaiona kwa macho, ikae itulie, ndo mhame.

Na ile ya 2012 R2 usiihamishe kabisa. Anzisha seva mpya, hamisha kazi, ile izimwe.

Kijana_wa_Gerezani aliandika:

Wakuu, shikamoo Bi Mikataba, nimeiprinti hiyo komenti yako nikampelekea mhasibu mkuu na ameshaanza kuandika maswali yake mwenyewe pembeni.

Nitakachopeleka kwa bodi ni hiki, tukodi nusu raki data senta ya hapa Dar kwa seva zetu mbili mpya zenye pawa saplai mbili, wao wabaki na umeme, ubaridi, ulinzi na mikono ya usiku, sisi tubaki na Windows na ERP kwa maandishi, bakapu Morogoro na nyingine nje, barua pepe na mafaili yaende klaudi. Kwa hesabu ya miaka mitano haijazidi sana gharama ya kubaki hapa ukiweka LUKU, betri na dizeli.

Maswali mawili ya mwisho. Siku yenyewe ya kuhama mnaifanyaje matawi yasilale njaa? Na zile seva za zamani bosi anataka tuziuze, kuna jamaa Kariakoo ameshatoa bei.

Bi_Mikataba alijibu:

Marahaba mwanangu. Hapo kwenye "kwa maandishi" ndo penyewe, usilegeze.

Mkongo_Baharini alijibu:

Linki kwanza, seva baadaye. Agiza faiba mbili za kampuni tofauti kuingia kwenye raki yenu kule data senta na uwaulize zinapita njia ipi, kwa sababu kampuni mbili zinaweza kuwa zimelaza kebo kwenye mtaro mmoja na kijiko cha wajenzi wa barabara kikapita na zote, barabara za Dar mnazijua zinavyochimbwa. Waya wa kutoka kwa ISP mpaka raki yako ndani ya jengo mara nyingi una malipo yake ya kila mwezi, uliza. Matawi yote yaunganishwe kule na yatestiwe wiki nzima kabla seva ya kwanza haijafika. Wekeni na laini ya simu ya dharura kwenye ruta za matawi, risiti ni data ndogo sana inapita vizuri tu.

fundi_raki alijibu:

Kwa kuwa mnanunua mpya, hamna haja ya kubeba chochote kinachofanya kazi. Funga mpya kule, rudisha ERP kutoka kwenye bakapu ya Morogoro, hapo unakuwa umejaribu bakapu na kuhama kwa pamoja. Mhasibu akishathibitisha, chagua Jumamosi baada ya matawi kufunga, zuia watu kuingia kwenye mfumo wa zamani, vuta mabadiliko ya mwisho, elekeza matawi kule, Jumapili mhasibu na mtu mmoja wa kila tawi wakate risiti ya majaribio kwa utaratibu ambao mtu wenu wa VFD amewaelekeza. Usichague wikiendi ya mwisho wa mwezi wala siku zinazokaribia tarehe 20 ya ritani ya VAT. Za Gerezani ziache zimewaka wiki mbili bila mtu kuzigusa, kitu kikikataa unarudi ulikotoka.

Za zamani kuuza uzeni, ila vyuma tu. Disiki zote zitoke kabla jamaa hajaja na gari. Kufomati hakutoshi, taarifa zinarudi kwa programu ya bure kabisa, na mle kuna mishahara, namba za NIDA za wafanyakazi na madeni ya wateja. Zilizo nzima zifuteni kwa programu ya kuandika juu ya disiki nzima, zilizokufa mzitoboe kwa drili sahani zote, za SSD mvunje vile vidude vyeusi vya kumbukumbu. Andika namba ya kila disiki, tarehe na sahihi ya mtu wa pili aliyeshuhudia, iingie kwenye faili, Tume wakija kuuliza unayo. Kama bei ya huyo wa Kariakoo ilihesabu na disiki, mwambie mapema hazimo.